Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wazee wapimwe hatari ya kuanguka wakiwa bado nyumbani

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Lushoto, kwenye miteremko ambako masika yakianza hata kijana hushuka njia ya shamba kwa tahadhari. Mama yangu mzazi, hata hivyo, hakuangukia mteremkoni. Alivunjika nyonga alfajiri moja akielekea choo cha nje, kibatari mkononi na kanga ikimzonga miguuni. Alikuwa ameshaanguka mara mbili kabla ya siku hiyo, nasi tukampa pole na kusema ni uzee. Hakuna aliyemuuliza alikuwa akijisikiaje, hata mimi niliyevaa sare ya uuguzi maisha yangu yote. Baadaye ndipo alipotueleza kwamba tangu aongezewe dawa ya presha, kila akiinuka kitandani alishikwa na kizunguzungu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na walio wengi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Dirisha la wazee hospitalini ni jambo jema, lakini humpokea mzee ambaye mfupa umeshavunjika.

Kupima hatari hii nyumbani hakuhitaji mashine. Mzee huulizwa kama ameanguka ndani ya mwaka uliopita, kama huhisi kuyumba anaposimama au kutembea, na kama anaogopa kuanguka. Swali hili la tatu ningependa lisirukwe kamwe, kwa sababu mzee mwenye hofu hujifungia ndani, misuli ya mapaja ikalegea kwa kukaa, na miguu iliyolegea ndiyo humwangusha siku atakapolazimika kuinuka. Akijibu ndiyo kwa swali lolote, huombwa ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi, huku saa ya simu ikihesabu. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini. Presha yake hupimwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika 1 na dakika 3, na namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zake zinapaswa kutazamwa upya na daktari. Baada ya hapo hukaguliwa kizingiti, mkeka uliojikunja, ndala zilizolika soli, na njia ya chooni usiku.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao wanaingia nyumba hizo hizo kuwaona mama wajawazito na watoto. Ninaomba fomu yao ya kutembelea kaya iongezwe maswali hayo matatu kwa kila mwenye miaka 60 na kuendelea, wafundishwe jaribio la kiti, na wapewe njia rasmi ya kumpeleka zahanati mzee aliyeonekana kuwa hatarini. Ninaomba pia kila mzee anayefika kituoni baada ya kuanguka, hata kama hakuvunjika, aandikwe hivyo rejistani na nyumba yake itembelewe ndani ya wiki hiyo.

Wako katika kuhudumia wazee,
Muuguzi mstaafu, Lushoto