Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu: mechi ngapi?

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Asalaam aleikum, na pole kwa kazi nyingi. Najua ni nyingi, maana barua zangu za nyuma hazijapata zamu mezani kwako mpaka leo. Hii nimeiacha wazi aisome yeyote, huenda akatokea mmoja wa kukusimulia.

Mimi ni sajenti mstaafu, mkazi wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi hapa Uganda. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichopokelea amri na kutolea amri maisha yangu yote ya kazi. Wewe unanijua kama baba wa yule beki wa kati ambaye mashabiki humwita Kisiki, yule mliyemsimamisha kucheza soka bila kusema ni mechi ngapi, kisha ukamsema Jumamosi redioni. Ulisema wahuni hawana nafasi kwenye ligi yako. Mtangazaji akacheka. Mama yake alikuwa anawapikia wateja chapati, redio iko wazi, na kila aliyekaa pale benchini alijua anayesemwa ni nani.

Kijana wangu si malaika. Amecheza kwa nguvu tangu akiwa pekupeku kwenye uwanja wa kambi, na kadi za njano anazo nyingi kuliko mashati. Msimu mmoja alitolewa kwa kumpiga mtu kiwiko kwenye kona. Akafungiwa, akatumikia, akarudi. Hukunisikia nikilalamika. Hii ya mwisho aliingia na miguu yote miwili, mpira umeshapita, na kijana wa watu akatolewa kwa machela. Refa alionyesha nyekundu, nami nikiwa kando ya uwanja nikasema ni haki. Tulikwenda kumpa pole yule kijana na matunda tukambebea. Alishapona, anacheza. Anacheza, Mwenyekiti! Aliyeumizwa yuko uwanjani, aliyeumiza bado "anachunguzwa".

Unachunguza nini? Refa aliandika ripoti, kamishna wa mechi aliandika yake, na umati mzima uliona. Kadi nyekundu inamfungia mchezaji mechi inayofuata, hilo hata watoto wanalijua. Zaidi ya hapo ni ninyi mnaoamua. Barua ya ofisi yako inasema amesimamishwa hadi uchunguzi ukamilike. Haina idadi ya mechi, haina tarehe. Msimu ule uliisha, mwingine ukaanza, na sasa umefika katikati.

Aprili 2009, Pepe wa Real Madrid alimwangusha Casquero wa Getafe, kisha akampiga mateke akiwa chini. Dunia nzima iliona. Wahispania wakamfungia mechi 10. Akazihesabu, akarudi. Mwaka 2016 alibeba Kombe la Ulaya na Ureno, na 2024 alicheza tena mashindano yale yale akiwa na miaka 41. Sergio Ramos alitolewa kwa nyekundu mara 26 akiwa na Real Madrid, na kitambaa cha unahodha alivaa. Sisemi kijana wangu ni Pepe. Nasema Pepe alihesabiwa.

Hata jeshini, mahali ambapo ninyi raia mnadhani hakuna kuulizwa! Nilikuwa Mogadishu na kikosi chetu. Askari akivunja amri aliletwa mbele ya kamanda bila kofia wala mkanda, akasomewa kosa lake, akaulizwa kama ana la kusema, akapewa siku zake: 7, 14. Zikiisha anarudishiwa bunduki. Bunduki, Mwenyekiti. Wangu naomba arudishiwe njumu.

Klabu ilimlipa kidogo kisha ikaacha, na siwalaumu, nani atamlipa beki wa kukaa? Siku hizi anaendesha bodaboda ya mtu, jioni anapeleka hesabu ya mwenyewe kwanza. Pensheni yangu imekuwa ada ya mtoto wake. Goti langu nalo linadai daktari, lakini hilo si la kamati yako. Timu moja upande wa Kenya ilimtaka. Waliomba karatasi moja tu, ya kuonyesha adhabu inaisha lini. Ofisini wakasema faili liko kwako, wewe ukasema liko kwa katibu, dirisha la usajili likafungwa.

Watu wa hapa wanasema yule kijana aliyeumia ana mjomba mkubwa kwenye ligi. Wengine wanasema ni kwa sababu timu yetu ni ndogo na haina mtu wa kupiga simu. Sina ushahidi. Lakini mkikaa kimya, mnataka tufikiri nini?

Ulikuja Bombo kwenye fainali ya vijana, ukala pilau letu, ukasimama mbele ya wazee ukaahidi kesi itasikilizwa kabla ya Idd. Idd ipi, mheshimiwa? Zote mbili zimepita.

Sikuombi umsamehe. Mfungie mechi 10, mfungie 20. Ukiamua hatacheza tena maishani, andika hivyo, tujue kama tunakata rufaa au tunauza njumu. Nataka namba tu. Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu. Kama faili limepotea, usihangaike: nakala zote ninazo, hata ripoti ya refa. Kinachokosekana ni namba na sahihi yako.

Wako mtiifu,
Sajenti mstaafu, Bombo