Tatizo si kupakua programu nyingine

Mhariri,

Kila wachezaji wanapolalamika kwamba gemu fulani inauzwa katika duka moja tu la mtandaoni, jibu huwa lilelile: programu ya duka ni ya bure, pakua, jisajili, cheza. Nimelisikia tangu Epic Games wafungue duka lao Desemba 2018, na mpaka leo linaikwepa hoja.

Chukua Metro Exodus. Oda za awali zilikuwa zikipokelewa Steam, duka kongwe la gemu za kompyuta. Zimebaki wiki mbili na ushei itoke, Februari 2019, gemu ikaondolewa huko na kuhamishiwa Epic kwa mwaka mzima. Waliokwisha kulipa walipewa chao, hilo sikatai. Lakini aliyekuwa akingoja mshahara ndipo anunue alikuta rafu tupu. Hapo kosa si programu. Kosa ni kubadili mambo wateja wakiwa tayari wamepanga foleni.

Upande wa pili naujua. Epic walipofungua duka walikata asilimia 12 ya mauzo, Steam kwa kawaida 30. Kwa studio ndogo, tofauti hiyo ni mishahara ya watu, na ningekuwa mimi pengine ningesaini na Epic. Ndiyo maana matusi waliyomiminiwa watengenezaji wa gemu ya Ooblets mwaka 2019, kwa kusaini na Epic, yalinitia aibu. Na wale waliozishushia nyota gemu za zamani za Borderlands kwa hasira ya Borderlands 3 kupelekwa Epic, sijui walidhani wanamkomoa nani.

Ila mnunuzi naye apate nini? Duka la Epic lilikaa hadi Desemba 2021 bila kikapu. Ukitaka gemu tatu, unalipa mara tatu, na ujumbe wa benki unaingia mara tatu. Duka lenye pesa za kuwanyima wengine gemu lilishindwa kununua kikapu!

Kwangu, kompyuta ikiwaka tu, programu nne za maduka hugombania kujisasisha kabla sijagusa kipanya. Nimezizoea. Ninachoomba kwa wachapishaji ni kimoja: mkishauza upekee, yaani haki ya duka moja tu kuuza gemu, semeni kabla ya kupokea oda ya kwanza, kisha tuachieni wenyewe kuamua kama tutangoja. Metro Exodus mimi niliingoja hadi iliporudi Steam, Februari 2020.

Mchezaji wa siku nyingi