Barua ya wazi kwa wazazi wenzetu mlioko Marekani

Wanangu, salaam.

Tangu Jennifer na James Crumbley, wazazi wa kijana aliyeua wenzake shuleni kwa bastola, wafungwe huku Michigan, kila tukikutana msibani au harusini nasikia neno lile lile: walishindwa kulea, samaki hukunjwa angali mbichi. Sikubaliani nalo. Mahakama haikutaka kujua kama mtoto wao huamkia wakubwa. Ilitaka kujua walikuwa wanafahamu nini, silaha ilikuwa wapi, na siku yenyewe walifanya nini.

Fuateni mambo yalivyokwenda. Novemba 26, 2021 baba alinunua bastola ya milimita 9, na kijana wao wa miaka 15 alikuwa naye dukani. Kesho yake mama alimpeleka kulenga shabaha. Jumatatu mwalimu akamwona anatafuta risasi kwenye simu. Shule ikamwachia mama ujumbe. Yeye akamwandikia mwanawe kwamba hajamkasirikia, ila ajifunze kutokamatwa. Jumanne asubuhi kijana akachora bastola na mtu anayevuja damu kwenye karatasi ya hesabu, akaandika kwamba mawazo hayakomi, asaidiwe. Wazazi wakaitwa Oxford High School, wakaonyeshwa ile karatasi, wakaambiwa wamtafutie mshauri haraka. Hawakuondoka naye. Bastola hawakuitaja. Begi halikufunguliwa, na kwa hilo hata shule ina lake la kujibu. Saa mbili hivi baadaye kijana alianza kufyatua risasi. Aliua wanafunzi 4 na kujeruhi watu 7.

Kufuli ya waya iliyouzwa pamoja na ile bastola ilikutwa bado imo kwenye nailoni yake.

Kijana alipewa kifungo cha maisha. Mama alitiwa hatiani Februari 2024 na baba Machi, kwa kuua bila kukusudia, kila mmoja miaka 10 hadi 15. Msidhani ni kioja cha Michigan peke yake. Mwaka huo huo, baada ya mauaji ya Apalachee High School kule Georgia, baba wa kijana wa miaka 14 alishtakiwa naye.

Mtaniambia, sisi hatuna bunduki. Wewe huna. Na shemeji anayelala sebuleni, anayefanya kazi ya ulinzi usiku? Yake huwa wapi akiingia kuoga? Tangu Februari 13, 2024 sheria ya Michigan inataka silaha inayoachwa bila mtu, mahali ambapo aliye chini ya miaka 18 yupo au huenda akawepo, ifungiwe kwa kufuli, na mtoto akiua kwa silaha iliyoachwa ovyo, aliyeiacha anaweza kufungwa hadi miaka 15. Chini ya godoro si kufungia. Juu ya kabati pia si kufungia. Na kwa asiye raia, hatia nzito inaweza kuleta kufukuzwa nchini baada ya jela. Mkwe, mpangaji, mgeni wa wiki moja: ulizeni bila haya. Atakayenuna na anune.

Lakini linalonisumbua zaidi ni ile simu ya shule. Nawajua. Umetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, macho mazito, ukiomba ruhusa unakatwa saa. Unafika shuleni, Kiingereza kinakwenda mbio, unamgeukia mwanao akutafsirie. Mwalimu anaeleza dakika kumi nzima, mtoto anakuambia, "Mama, anasema nipunguze simu." Unashukuru, unatia sahihi, unaondoka.

Msikubali tena. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumpatia mzazi mkalimani, bila malipo. Mwombe kabla hamjaketi, na kama hayupo, hata kwa simu hupatikana. Karatasi isomwe yote. Wakitaja silaha, damu au kujiua, siku hiyo kazi imekwisha: mchukue mtoto, nenda naye kwa daktari, na kama nyumbani mna silaha, semeni hapo hapo. Begi lifunguliwe mkiwa bado chumbani humo.

Ni mimi mzee wenu,
Grand Rapids