Bei ya mchezo wa vita haiko kwenye kadibodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu malalamiko yanayorudiwarudiwa na wapenzi wa michezo: kwamba mchezo wa vita wa mezani, ule wa ramani, kete (vipande vidogo vya kadibodi vinavyowakilisha vikosi) na kitabu cha kanuni, unauzwa bei ya kukomoa, kwamba ndani ya boksi hamna ila karatasi na kadibodi, na kwamba wachapishaji wake wadogo ni wazembe, maana mchezo uliotangazwa leo waweza kuchukua miaka miwili kutoka. Hilo la mwisho lina ukweli wa aina yake, nami nitalirudia. Mawili ya kwanza yanatokana na kutojua pesa inakokwenda.

Tuanze na idadi ya nakala. Mchapishaji wa mchezo kuhusu kampeni moja ya Napoleon hapigi chapa makumi ya maelfu. Hupiga 500, pengine 1,000, akiwa jasiri 2,000. Katika uchapaji wa ofseti gharama nzito ni ya matayarisho: sahani za rangi nne, fremu ya visu vya kukatia kete, na muda wa kuiweka mashine sawa. Gharama hiyo ni ileile, utake nakala mia tano au elfu tano, kwa hiyo wanunuzi wachache huibeba kwa uzito zaidi. Kisha yupo msambazaji, ambaye kwa kawaida hununua kwa takriban asilimia 40 ya bei ya dukani. Katika hiyo 40 mchapishaji alipe kiwanda, meli, ghala, mchora ramani na mbunifu. Ndiyo sababu wengi hupanga bei ya dukani iwe mara nne au tano ya gharama ya kutengeneza boksi moja. Anayepanga mara mbili anauza kwa hasara, na kila msambazaji anapoagiza zaidi, hasara inakua.

Historia ya fani hii imejaa watu waliojua vita kuliko hesabu. Charles S. Roberts alitoa mchezo wa Tactics mwaka 1954 na kuanzisha kampuni ya Avalon Hill mwaka 1958 huko Marekani. Kampuni ya SPI ya James Dunnigan ilifuata mwaka 1969, ikawa na jarida lililokuja na mchezo mzima ndani ya kila toleo. Ilitoa michezo kwa kasi kubwa, lakini mwaka 1982 madeni yaliifikisha mikononi mwa TSR, kampuni nyingine ya michezo. Avalon Hill nayo iliuzwa mwaka 1998 kwa Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea. Uwanja ukabaki kwa kampuni ndogo, baadhi zikiwa na wafanyakazi wa kuhesabika kwa vidole.

Waliodumu walibadili mpangilio wa malipo. Mfano unaojulikana zaidi ni mpango wa P500 wa GMT Games, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1990: mchezo hutangazwa, mteja huweka oda bila kulipa, na oda zikifika karibu 500 ndipo unaingia katika foleni ya uchapaji. Pesa hukatwa mchezo unapokaribia kwenda mtamboni. Hapo ndipo penye ule ukweli niliousema kuhusu kuchelewa. Kinachotangazwa ni pendekezo. Wateja ndio wanaoamua kama litakuwa bidhaa. Wapo pia wanaopokea pesa zote mwanzoni kwa michango ya mtandaoni, na hao wakichelewa wana deni la kweli. Mlalamikaji atofautishe hao wawili kabla ya kuandika barua kali.

Sasa hiyo kadibodi. Kete ya kawaida ina upana wa nusu inchi, yaani milimita 12.7. Juu yake hukaa alama ya aina ya kikosi (mstatili wenye msalaba wa kukingama ni askari wa miguu, wenye mstari mmoja wa mshazari ni wapanda farasi), jina la kikosi, alama ya ukubwa wake, na nambari za nguvu na mwendo. Karatasi moja ya kete kwa vipimo vya jadi hubeba 280. Huchapwa pande zote mbili, hubandikwa kwenye kadibodi ya milimita moja na nusu hadi mbili, kisha fremu ya visu hushuka mara moja na kuzikata zote. Fremu hiyo ikiteleza kwa milimita moja, na huteleza, nambari iliyosogezwa ukingoni inakatwa. Mbunifu makini huacha milimita moja na nusu tupu kila upande, hupitisha rangi ya usuli milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na hupanga kete za jeshi moja pamoja ili kisu kikihama, buluu iingie kwenye buluu. Ukiona kete nyekundu yenye mkanda wa kijani pembeni, ujue mpangaji hakulijua hilo.

Upande wa nyuma, unaoonyesha kikosi hichohicho kikiwa kimepata hasara, ndio hutia watu adabu. Safu ya kwanza kushoto upande wa mbele huwa ya kwanza kulia upande wa nyuma, kwa hiyo mpangilio wa nyuma lazima ugeuzwe. Ukisahau, divisheni yenye nguvu 6 ikipata hasara na kugeuzwa inakuwa bohari ya risasi ya adui. Kwenye skrini kosa hilo halionekani, kwa kuwa kila upande hutazamwa peke yake na kila upande ni sahihi. Dawa ni moja, nayo inachosha: chapa pande zote mbili kwenye karatasi ya kawaida, gundisha mgongo kwa mgongo, kata kwa mkono, kisha geuza kete zote 280, moja baada ya nyingine, ukilinganisha na orodha ya vikosi. Kazi ya jioni moja. Asiyeifanya hulipia karatasi mpya ya kete na posta ya kumpelekea kila mnunuzi.

Wengine hukwepa kiwanda na kukata kwa leza, nakala moja moja kadiri oda zinavyokuja. Njia nzuri kwa anayeanza, haina deni la ghala. Ila leza huunguza kingo, na masizi hubaki vidoleni na kwenye ramani hadi uzifute kete kwa kitambaa kikavu. Mteja aelezwe mapema, kwenye boksi lenyewe.

Ramani haina mambo mengi. Ukubwa uliozoeleka ni inchi 22 kwa 34, ambayo hukunjwa vipande vinane vya 8.5 kwa 11. Mikunjo ipite mbali na miji inayogombewa, maana kete haitulii juu ya mkunjo. Ramani hugawanywa katika vijumba vya pembesita, na kijumba ambacho nusu yake ni msitu na nusu ni shamba kiwe na nukta katikati inayotaja ardhi halali. Bila nukta hiyo, swali litaulizwa milele.

Gharama isiyoonekana kabisa iko kwenye kanuni. Chukua jambo linaloonekana dogo. Vijumba vinavyokizunguka kikosi cha adui huitwa eneo lake la udhibiti; kikosi changu kikiingia humo husimama. Njia yangu ya ugavi, ya kupelekea vikosi chakula na risasi, haiwezi kupita humo. Kikosi changu kilichoshindwa hakiwezi kurudi nyuma kupitia humo. Sawa. Je, kama ndani ya kijumba hicho kuna kikosi changu kingine tayari? Ugavi unapita? Anayekimbia anapita? Kuna michezo inayosema ndiyo kwa yote mawili, na mingine inayoruhusu ugavi na kumzuia anayekimbia. Hakuna jibu lililo baya, baya ni kunyamaza. Katika mchezo wa Urusi ya mwaka 1941, ambapo kila kitu ni kumzingira mwenzako, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama jeshi zima limekatika au limetoka salama. Kitabu kinatakiwa kilijibu mara mbili, kwenye sura ya ugavi na kwenye sura ya kurudi nyuma, kwa maneno yaleyale.

Jedwali la mapigano, linalotoa matokeo ya shambulio kwa uwiano wa nguvu na dadu, nalo lina mtego wake. Mshambuliaji mwenye nguvu 11 dhidi ya 4 hupata uwiano wa 2 kwa 1, kwa sababu desturi ni kupunguza kwa faida ya mlinzi. Akiwa na 12 anapata 3 kwa 1. Basi mchezaji hupoteza dakika kumi akiisaka nguvu moja ramani nzima, jambo ambalo hakuna jenerali aliyewahi kulifanya akiwa chini ya mizinga. Mbunifu mjuzi hutumia tofauti ya nguvu badala ya uwiano, au huachia dadu iamue sehemu iliyobaki. Na anayerudia kuchapa mchezo wa zamani asibadilishe dadu moja kuwa mbili kwa kupenda tu: kwa dadu moja kila tokeo lina nafasi moja kati ya sita, kwa dadu mbili, 7 hutokea mara 6 kati ya 36 na 2 mara moja tu. Jedwali lote linabidi litungwe upya.

Mitego hii hugunduliwa na watu wasiomjua mbunifu. Wanapewa boksi na kitabu, yeye anazuiwa kusema neno, wanacheza na kuandika kila walipokwama. Akiwepo mezani atafafanua kwa mdomo yale ambayo kitabu hakisemi, na jaribio lote linakuwa bure. Makundi matatu ya namna hiyo, kila moja likicheza mchezo mrefu mara kadhaa kwa muda wa ziada, humaliza mwaka bila shida.

Pia kuna suala la ukweli wa kihistoria, ambalo wanunuzi hulidai sana na hawalifikirii. Huko Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, Napoleon alitumaini kwamba jemadari wake Grouchy anawashughulikia Waprusia. Mchezaji wa leo anajua kwamba Grouchy haji na Blücher, jemadari wa Waprusia, anakuja alasiri. Ukiweka saa kamili ya Bülow, jenerali wa Blücher, kuingia ramani, Mfaransa atampangia mapokezi tangu asubuhi. Ukiiacha kwa dadu, kuna siku Waprusia watafika saa sita mchana na siku ambayo hawafiki, na mnunuzi atalalamika kwamba historia imepotoshwa. Kwa maoni yangu dadu ina haki zaidi, mradi ifungiwe ndani ya saa chache.

Wapo wanaouliza: si yote haya yafanywe kwenye kompyuta, gharama ya karatasi iishe? Inaisha, zikaja nyingine. Tangu mchezo wa Computer Bismarck wa kampuni ya SSI mwaka 1980 na Eastern Front (1941) ya Chris Crawford mwaka 1981, kompyuta imekuwa na faida moja ambayo meza huipata kwa taabu: kumficha adui. Mezani ilibidi vibuniwe vipande vya mbao vinavyosimama wima, jina likimwelekea mwenyewe, kama katika mchezo wa Quebec 1759 wa mwaka 1972. Lakini kanuni ambayo mezani wachezaji wangeimaliza kwa busara, programu haiwezi kuendelea bila jibu lake. Tena inabidi atengenezwe mpinzani wa kompyuta anayejua kulinda ubavu wake, na hapo ndipo bajeti nyingi huzama. Katika mchezo wa kutumiana faili kwa baruapepe, mtu asiyeridhika na matokeo hufunga programu na kufungua faili upya hadi bahati imwangukie. Ni lazima matokeo ya bahati yahifadhiwe kwenye seva au yafungwe ndani ya faili lenyewe. Maduka makubwa ya mtandaoni kwa kawaida hukata asilimia 30.

Halafu programu huzeeka. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, na Apple iliacha programu za biti 32 kwenye kompyuta za Mac mwaka 2019. Mchapishaji mdogo huishia kulipa mtu akarabati mchezo wa zamani ambao haumwingizii tena chochote, ilhali PanzerBlitz, mchezo wa mezani wa mwaka 1970, bado inachezeka kwa yeyote ambaye hajapoteza kete. Njia ya kati ni VASSAL, programu ya bure inayoonyesha ramani na kete kwenye skrini bila kusimamia kanuni. Humwezesha mchapishaji kujaribu mchezo na watu walio mbali kabla ya kulipia kiwanda, na humpa mteja mpinzani pale ambapo hana jirani mwenye hamu hiyo.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama bei ni ya haki asipime uzito wa boksi. Kabla ya kulipa aombe kitabu cha kanuni, ambacho wachapishaji wengi hukitoa bure, afungue sura ya ugavi na sura ya kurudi nyuma, alitafute lile swali la kijumba chenye kikosi changu. Kisha aangalie kama mchapishaji huweka wazi orodha ya masahihisho ya michezo yake iliyopita, yenye tarehe. Kukosekana kwa orodha hiyo hakumaanishi kwamba hakukosea, na kete zenye makosa utazibadilisha kwa gharama yako.

Wako msomaji,
Mpenzi wa ramani na kete