Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Kundi Letu la Monduli

Ndugu Mlezi wetu, Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mhazini, na ndugu zangu wote wa kundi,

Tumshukuru Mungu aliyetuvusha mwaka. Wenzetu wawili hawakuvuka nao, mmoja tulimzika Tabora na mwingine Mbweni, na naomba tuwakumbuke kabla ya jambo lolote. Mwaka huu pia taifa lilimpoteza Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyefariki Februari 29 na kuzikwa Mangapwani, Unguja. Kwetu sisi alikuwa zaidi ya Rais mstaafu, maana ndiye Amiri Jeshi Mkuu aliyetutunuku kamisheni ya uafisa tulipomaliza mafunzo kwenye chuo cha kijeshi cha Monduli. Mwishoni mwa Oktoba akatutoka Jenerali David Musuguri, Mkuu wa Majeshi wa mwaka 1980 hadi 1988, mzee wa miaka 104, akazikwa Butiama. Sisi tuliingia jeshini majina ya makamanda wa vita vya Kagera yakiwa bado yanatajwa kila usiku kwenye hanga, yaani bweni letu. Mungu awapumzishe wote.

Shughuli za mwaka mnazifahamu, nitazipitia haraka. Kamati Tendaji ilikaa mara nne. Julai 25, Siku ya Mashujaa, wenzetu wa Kanda ya Ziwa walikwenda makaburi ya Kaboya, Muleba, na Septemba 1, jeshi letu lilipotimiza miaka 60, tulituma salamu na kukutana kwa vikundi kila aliko mtu. Wagonjwa watano walitembelewa. Taarifa zetu zimefikishwa kwa Msajili wa Jumuiya. Picha mliziona, sina la kuongeza hapo.

Liko jambo dogo la Novemba ambalo nalo liliwaudhi baadhi yenu, nami nilifunge. Mwenzetu mmoja mstaafu aligombea kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, na ikaombwa umoja umwandikie barua ya kumuunga mkono na kumchangia. Nilikataa, na nitakataa tena. Ndani ya umoja huu wamo watu ambao bado wamevaa sare. Ibara ya 147 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, akabakiwa na haki yake ya kupiga kura. Barua yenye muhuri wa umoja ingewaingiza hao wenzetu kwenye jambo ambalo hawaruhusiwi hata kulikaribia. Mstaafu ana uhuru wake, na kila mtu mfukoni mwake ana uhuru wake. Muhuri si wa mtu mmoja.

Sasa nije kwenye lile ambalo najua wengi mnalisubiri, na ambalo limenikosesha usingizi tangu Juni. Ni la Mpwapwa: rambirambi niliyoitangaza kwa mwenzetu ambaye katiba haimtambui kuwa mwanachama, na ambayo wenzetu tisa wameandika barua kunilalamikia.

Nianze na katiba yetu wenyewe. Ibara ya 5 inasema mwanachama ni afisa aliyetunukiwa kamisheni pamoja na kundi. Ibara ya 14 inasema mwanachama akifariki, familia inapewa rambirambi ya shilingi 2,000,000. Ibara ya 18 inaipa Kamati Tendaji uwezo wa kutumia hadi shilingi 2,000,000 kwa dharura bila kusubiri Mkutano Mkuu. Hakuna mahali katiba inapomtaja mtu aliyeanza nasi, akalala nasi hanga moja, akapiga kwata nasi miezi mingapi sijui, halafu kwa sababu isiyo ya utovu wa nidhamu akashindwa kufika kwenye gwaride la mwisho. Watu hao wapo. Katibu na mimi tumekaa na orodha ya zamani na kupata majina tisa.

Mmoja wao alikuwa mwenzetu wa Mpwapwa. Waliokuwa platuni ya pili wanamfahamu, na wasiomfahamu nadhani wanaikumbuka sauti yake, maana ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye mchakamchaka, alfajiri ile ya Monduli ukungu umeshuka mpaka huoni kisogo cha mtu aliye mbele yako. Wiki saba kabla ya gwaride alikwenda likizo fupi, akapata ajali ya barabarani, goti likavunjika. Alirudi kwa magongo kuchukua vitu vyake na kuaga. Wiki ileile mimi nilikuwa nimeharibu buti zangu kwa ujinga wangu: zililoa, nikazianika karibu mno na moto, ngozi ikajikunja. Yeye alikuwa na jozi ya akiba aliyoinunua mwenyewe Arusha mjini. Akaitoa kwenye begi, akaiweka kitandani kwangu, akasema, “Zitafika huko bila mimi.” Buti nilizovaa siku ya kamisheni zilikuwa zake.

Nalisema hili wazi kwa sababu wapo walioandika kwamba Mwenyekiti alitoa fedha za umoja kulipa deni lake binafsi. Sikuwahi kulificha. Ndugu zangu wa platuni ya pili wanalijua miaka yote.

Aliporudi nyumbani alisomea ualimu, akafundisha sekondari mpaka alipostaafu. Juni mwaka huu akafariki. Habari zilinifikia Ijumaa usiku, maziko yalikuwa Jumapili. Niliendesha gari kutoka Dar es Salaam, na wenzetu kumi na wanne wakakodi Koasta kutoka Dodoma. Chini ya turubai, mbele kabisa, kwenye meza yenye kitambaa cheupe palikuwa na picha mbili: ya harusi yake, na ya platuni ya pili, ile tuliyopiga tumekaa kwenye ngazi. Picha ile mimi sina. Nilipoinama kuitazama niliona nyuma ya kioo ameandika majina yetu yote kwa kalamu ya wino, mstari kwa mstari, na mbele ya majina mengine ameongeza cheo kila mtu alipopanda. La Brigedia Jenerali wetu wa kwanza limekatwa na kuandikwa mara tatu. Alikuwa akitufuatilia.

Tulipokwenda kumpa pole mjane aliyekuwa ameketi mkekani na kina mama, aliinua uso akauliza, “Ninyi ndio wa Monduli?” Shemeji yake akamjibu ndio. Akauliza tena, “Wa buti ni yupi?”

Nilipiga magoti pale mkekani. Sikuweza kusema neno. Na muda wa salamu ulipofika, mshereheshaji akaita “wenzake wa jeshini”, nikasimama nikatangaza kwamba umoja unatoa rambirambi ya shilingi 2,000,000 kama kwa mwanachama wake.

Hapo ndipo penye hoja, na naipokea. Nilitangaza kabla Kamati haijakaa. Usiku uleule nikiwa Mpwapwa niliwapigia simu wajumbe wote wanne: wawili walikubali, mmoja akasema tusubiri, mmoja simu yake haikupatikana. Pamoja nami tukawa watatu kati ya watano, Mhazini dada yetu akatoa fedha Jumatatu kwa Ibara ya 18, na muhtasari ukaandikwa. Utaratibu ulitakiwa uanze kwenye simu uishie kwenye tangazo, nami niliugeuza. Kwa hilo naomba radhi, na radhi hiyo naitoa bila masharti. Kwa uamuzi wenyewe siombi radhi.

Imesemwa kwamba marehemu hakuwahi kulipa ada. Ni kweli, kwa sababu hatukuwahi kumruhusu kulipa. Katibu aliyetangulia ana barua yake, ameandika kwa mkono, akiomba kujiunga na kulipa kama wengine. Alijibiwa kwa sentensi mbili kwamba Ibara ya 5 hairuhusu. Mtu akabisha hodi, ukamfungia mlango, halafu akifa useme hakuingia.

Imesemwa pia tumefungua mlango kwa kila aliyetolewa chuoni. Hapana. Aliyetolewa kwa utovu wa nidhamu hatuna habari naye, na pendekezo letu linatamka hivyo. Tunawazungumzia waliorudi nyumbani kwa ugonjwa, ajali au msiba mzito wa familia, tena waliokaa na kundi si chini ya nusu ya mafunzo. Ndiyo maana ni tisa tu, na sasa wamebaki wanane. Kwa waliohoji shilingi 480,000 za Koasta kwamba zimevusha kiwango cha dharura: usafiri wa uwakilishi kwenye misiba una fungu lake, umelipwa hivyohivyo Tabora na Mbweni na hakuna aliyehoji. Mafuta ya gari langu kwenda Mpwapwa na kurudi sikudai hata senti, na risiti ninazo.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni hili. Marekebisho ya Ibara ya 5 hayakuzuka Juni. Yalikuwa ajenda namba nne ya Mkutano Mkuu uliopita, pale Morogoro. Katiba inataka nusu ya wanachama ndiyo akidi itimie. Tuko 87, kwa hiyo tulihitaji 44. Tulifika 31. Tulisubiri tangu saa nne asubuhi. Saa nane tukala chakula kilichoandaliwa kwa watu sitini, sahani zimepangwa, viti vitupu vimefunikwa vitambaa vyeupe safu tatu za nyuma. Saa kumi na mbili jioni tukafunga bila kupitisha jambo hata moja. Katika wenzetu tisa waliotia saini barua ya kunilalamikia, saba hawakuwepo Morogoro. Laiti wangekuja wakapiga kura ya hapana, leo ningekuwa na katiba inayonikataza, nami ningeitii. Wangekuja wakapiga ya ndiyo, mwenzetu angezikwa akiwa mwanachama mshiriki mwenye kadi yake. Hawakuja. Waliniacha na katiba isiyosema lolote, na mjane mkekani.

Wengine walituma wapambe wao, yaani maofisa wasaidizi wao, na bahasha. Ndugu zangu, Ibara ya 3 inasema ndani ya umoja hakuna cheo. Jenerali na Meja wote hapa ni maofisa wanafunzi waliochimba handaki pamoja. Mpambe hapigi kura, wala hahesabiwi kwenye akidi.

Hesabu. Mhazini atazisoma kwa kina, mimi nataja mafungu. Tulianza mwaka na shilingi 7,215,000. Ada ilitakiwa iingie 10,440,000, yaani 10,000 kwa mwezi kwa kila mmoja wetu. Imeingia 4,680,000. Michango ya hiari ni 1,150,000. Matumizi yote ni 10,225,000: rambirambi za wanachama wawili 4,000,000, Mpwapwa 2,000,000 na Koasta yake 480,000, msaada wa matibabu 1,500,000, ukumbi na vikao pamoja na usafiri wa misiba mingine 1,935,000, benki na uendeshaji 310,000. Salio ni shilingi 2,820,000.

Salio hilo linatosha kumzika mmoja wetu. Akifuata wa pili mwezi uleule, hatuna. Ada ya elfu kumi kwa mwezi ni chini ya nauli ya bodaboda ya wiki kwa wengi wetu, na bado zaidi ya nusu ya fedha haijaingia. Wapo wasioweza kweli, wagonjwa na waliobanwa na ada za watoto, hao walinipigia tukaelewana na sitawataja popote. Nawazungumzia wanaoweza. Mwaka huu nimepiga simu mwenyewe, kwa salio langu, kwa kila mwenye deni la zaidi ya miezi sita. Wengine walinijibu vizuri na kuahidi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi umepita mara kadhaa. Ibara ya 8 inasema asiyelipa miezi kumi na miwili anapoteza haki ya kupiga kura. Kamati haijawahi kuitumia, kwa huruma. Naomba mkutano uamue kama tuendelee hivyo au la, maana tukiitumia leo akidi yenyewe itabidi ihesabiwe upya, na mimi sitaki kuamua hilo peke yangu tena.

Yanayoletwa mbele yenu ni mawili. La kwanza, Ibara ya 5 iongezwe uanachama mshiriki kwa wale wanane: walipe ada kama sisi, wapate rambirambi kama sisi, wasipige kura wala kugombea uongozi. La pili, mjane au mgane wa mwanachama abaki kwenye orodha ya umoja na aalikwe kwenye mikutano, hata kama marehemu aliacha deni. Yakipita yatapelekwa kwa Msajili kabla ya kuanza kutumika. Yakikataliwa kwa akidi halali, nitayaheshimu, na mkitaka fedha za Mpwapwa zirudi kwenye mfuko nitazirudisha mimi kwa awamu. Nimeshamwambia mke wangu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kwenda Monduli na familia zetu, chuo kikituridhia. Wazo la kiwanja Dodoma bado lipo, na la kuwekeza kidogo kidogo pia lipo, tutaona hali ya mfuko itakavyokuwa.

Hadi naandika, waliothibitisha kuja ni 38. Tunahitaji sita zaidi. Mjane wa Mpwapwa ameniambia kwa simu atakuja na picha ile, ili kila mtu alione jina lake na cheo alichoandikiwa. Mkutano utaanza saa nne asubuhi. Wenye madeni mnaweza kulipa mlangoni, Mhazini atakuwa na stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti