Silikanti wa Malindi si ushahidi kwamba viumbe havibadiliki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba silikanti, samaki aliyenaswa na meli ya kukokota nyavu katika bahari ya Malindi mwaka 2001, amewaumbua wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhika katika mawe. Alisema kwamba wataalamu walimtangaza samaki huyo kuwa ametoweka tangu zama za dainosari, kumbe yupo, na yupo vilevile alivyokuwa. Kwa hiyo, akasema, mafundisho yao kuhusu mageuzi ya viumbe hayana msingi. Hoja hii nimeisikia pia barazani hapa Shela, kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na ndiyo maana nimeona haifai kuachwa ipite.

Nusu ya kwanza ya hoja ni kweli. Visukuku vya jamii ya silikanti vimejulikana tangu miaka ya 1830. Vya kale vina umri wa takriban miaka milioni 400, na vya mwisho ni vya kabla ya miaka milioni 66 iliyopita. Wataalamu wakahitimisha kwamba jamii nzima ilikwisha wakati huo. Ndipo Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akisimamia makumbusho ya mji wa East London, Afrika Kusini, alipomwona mmoja katika lundo la samaki wa meli ya uvuvi, na mwaka uliofuata J.L.B. Smith akampa jina la kitaalamu, Latimeria chalumnae. Wa pili alithibitishwa mwaka 1952 huko Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua kwa jina la gombessa. Wataalamu walikosea, na kosa hilo walilitangaza wao wenyewe.

Lakini ni vyema tuulize walikosea wapi. Si kila kiumbe kinachokufa huacha kisukuku. Sharti mzoga ufunikwe upesi na mchanga au tope, tope hilo ligeuke jiwe, na jiwe lenyewe liinuke hadi mahali ambapo binadamu anaweza kulifikia. Sisi wa pwani tumejengewa juu ya mfano wa jambo hili, kwa kuwa mawe yaliyojenga misikiti na nyumba za kale kuanzia Gede hadi Lamu ni matumbawe yaliyokuwa hai baharini, na sehemu kubwa ya mwamba huo wa ufuoni ilijengeka yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa imepanda kuliko leo. Viumbe vya maji ya kina kifupi huhifadhika kwa wingi namna hiyo. Silikanti wa leo, kwa upande wake, hukaa kwa kawaida kwenye kina cha mita 100 hadi 300, katika mapango ya miteremko ya miamba, ambako tope la kumfunika ni haba na mwamba wake ni nadra kufika nchi kavu.

Kwa sababu hiyo, kutoonekana kwa kiumbe katika mawe hakuna uzito uleule kila mahali, na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaodai kwamba, kwa kuwa silikanti alipatikana, basi huenda hakuna kilichowahi kutoweka. Tuwachukue amonaiti, jamaa wa kale wa ngisi na pweza waliokuwa na kombe la mzingo, ambao visukuku vyao vya enzi ya Jurasiki, mojawapo ya enzi za dainosari, vimepatikana hata katika mawe ya karibu na Mombasa. Walienea bahari zote kwa zaidi ya miaka milioni 300, na makombe yao magumu yamejaa katika miamba ya kila bara. Kisha, kimondo kikubwa kilipoipiga Chicxulub, Meksiko, miaka milioni 66 iliyopita, wanakoma. Kiumbe aliyekuwa akiacha alama nyingi kiasi hicho akikosekana katika matabaka yote ya baadaye, huo ni ushahidi mzito kuliko kukosekana kwa samaki wa mapangoni.

Nusu ya pili ya hoja, kwamba silikanti hajabadilika, si sahihi. Latimeria hajapatikana katika jiwe lolote. Visukuku tulivyonavyo ni vya jamaa zake, nao walitofautiana sana. Mawsonia wa Kretasia, enzi ya mwisho ya dainosari, aliyeishi katika maji yasiyo na chumvi na midomo ya mito ya Afrika na Brazili, alizidi urefu wa mita 3, ilhali silikanti wetu kwa kawaida hafiki mita 2. Rebellatrix, aliyepatikana Kanada, alikuwa na mkia wa panda wa samaki wa mbio. Wengine walikuwa na pafu kubwa lililozungukwa na vibamba vya mfupa, na silikanti wa leo bado anabeba mabaki ya pafu hilo, yaliyosinyaa na yasiyofanya kazi, kwa sababu kilindini hakuna hewa ya kuvuta. Watafiti walioyaeleza mwaka 2015 waliona kwamba pafu hilo huanza kukua katika kijusi, kisha ukuaji wake hupungua kadiri samaki anavyokomaa. Sioni jinsi mtu anavyoweza kulitazama pafu hilo akasema hakuna kilichobadilika. Jeni zake zilizosomwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu. Polepole, lakini hubadilika.

Namalizia na ombi kwa wavuvi wetu. Upande wa Tanzania, tangu mwaka 2003 jarife za papa zimewatoa silikanti wengi kilindini, hasa Tanga, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa kwa ajili yao. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba jike huzaa kwa mara ya kwanza akikaribia miaka 60 na hubeba mimba kwa takriban miaka mitano, kwa hiyo kila anayenaswa ni hasara isiyozibika upesi. Atakayempata akiwa hai amrudishe baharini; akiwa amekufa, asimuuze, bali aijulishe BMU (kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo) ya bandari yake na maafisa wa uvuvi, akitaja mahali, kina na aina ya wavu.

Msomaji wako,
Shela, Malindi