Duathloni ya vumbi ianze na baiskeli tulizonazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumze na waandaaji wa mashindano huku Kaskazini, na pia na yeyote anayetamani kuanza duathloni ya njia za vumbi lakini anajizuia akidhani ni mchezo wa wenye fedha. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi. Nina miaka 41, watoto watatu, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika mchezo huu.

Kwa asiyeujua: unakimbia, unapanda baiskeli, unashuka na kukimbia tena. Hakuna kuogelea, na hilo ndilo lililonivuta, maana maji yakinifika kiunoni naanza kutafuta kingo. Duathloni ya barabarani kwa kawaida ni kilomita 10, 40 na 5. Ya porini hufupishwa kwa sababu njia yenyewe inakula nguvu: kanuni za kimataifa zinataja kilomita 6 hadi 8 za kukimbia, 20 hadi 25 za baiskeli, na 3 hadi 4 za kumalizia. Ipo pia mbio fupi, karibu nusu ya hapo. Nusu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka juzi nilipakia baiskeli yangu kwenye basi nikaenda kushiriki mashindano fulani nje ya mkoa wetu. Nilikuwa nimejiandaa miezi minne. Asubuhi, kwenye meza ya kujiandikisha, nikaambiwa baiskeli isiyo na shokapu mbele haipokelewi, na kwamba mbio fupi hazipo. Breki zangu zote mbili zilikuwa zinashika, tairi mpya, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuzitazama. Siku ile tulirudishwa watu sita, wanne wetu wanawake. Tulikaa chini ya mti na mikoba yetu tukiwatazama wenzetu wakiondoka. Wawili kati ya wale wanawake ninawafahamu, na hadi leo hawajarudi mchezoni. Jambo hilo linaniuma kuliko nauli niliyopoteza.

Baiskeli yenyewe niliinunua mtumba hapa soko la Memorial kwa shilingi 160,000. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ni fundi baiskeli, aliibadilisha cheni, waya na raba za breki. Nilipomuuliza habari za gia aliniambia, "Shangazi, gia utazizoea. Breki ndizo zitakazokurudisha nyumbani." Alisema kweli. Njia ya kushuka kutoka Uru kuja Rau ina changarawe inayoviringika chini ya tairi, na ukikamata breki ya mbele ghafla ukiwa umeshaingia kwenye kona, unalala chini. Nimelala mara mbili. Sasa napunguza mwendo kabla ya kona, kwa breki zote mbili, kidogo kidogo. Kwenye mteremko nasimama juu ya pedeli zikiwa sawasawa, makalio nyuma ya siti, macho mbali kule ninakotaka kwenda. Ukilikodolea jiwe macho, utalipanda.

Kosa jingine langu la mwanzo lilikuwa kujaza upepo mpaka tairi inakuwa ngumu kama mti. Barabarani inakimbia vizuri, lakini juu ya mawe inarukaruka na mikono inakufa ganzi. Punguza upepo hadi tairi ibonyee kidogo chini ya kidole gumba. Ukizidisha kupunguza, tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili kwa mpigo, kwa hiyo beba viraka, gundi na pampu, na ujifunze kuziba mwenyewe nyumbani kabla hujalazimika kuziba shambani kwa watu.

Miguu, sasa. Siku ya kwanza niliposhuka kwenye baiskeli na kujaribu kukimbia, nilidhani nimeumia. Mapaja yalikuwa mazito, hatua fupi, kama mtu anayetembea kwenye matope ya mpunga. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kila anayeanza hupita hapo. Kilichonisaidia ni zoezi la kila Jumatano: dakika 20 za baiskeli, kisha papo hapo dakika 10 za kukimbia, bila kukaa, bila kushika simu. Kwenye kilomita ya mwisho ya baiskeli naweka gia nyepesi na kuzungusha miguu harakaharaka, ili ninapogusa ardhi iwe imeshachangamka. Baada ya kama wiki sita ule uzito ulianza kupungua. Haujaisha, ila naujua, na najua unaachia baada ya mita mia chache. Mbio za kwanza nazo zisikudanganye: kama huwezi kumwambia mwenzako sentensi nzima, umekwenda kasi mno, na deni utalilipa kwenye mlima.

Nguo sikununua. Nilichukua taitsi ya mtumba nene, nikaipachika sponji nyembamba iliyofunikwa kitambaa laini cha pamba. Ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa kupitisha mshono wa ovaloki katikati, pale pale unapokalia, nikarudi na michubuko iliyonikosesha cherehani siku mbili. Ya pili niliweka kipande kizima bila mshono katikati na pembeni nikalaza mishono bapa. Nimeshawashonea wenzangu watano. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kuishona akielezwa mshono usipite wapi.

Kitu ambacho sikubani fedha ni kofia ngumu. Kanuni inataka uwe umeifunga kidevuni kabla ya kuigusa baiskeli, na usiifungue mpaka umeirudisha mahali pake. Binti yangu alikuwa ananihesabia sekunde uani huku nafunga na kufungua, majirani wakichungulia.

Mazoezi yangu ni kwenye njia za mashamba ya mpunga kuelekea Mandaka na pembezoni mwa Msitu wa Rau, kwenye mivule na mbega. Kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu ukinyeshewa unanata kwenye breki mpaka gurudumu linagoma, kwa hiyo masika nakimbia tu. Na sisi wanawake hatuendi porini peke yetu. Twende watatu au wanne, na nyumbani wajue tumepita njia gani. Maneno ya "mama mzima na baiskeli" yapo. Nilipita nayo mwaka wa kwanza, siku hizi baadhi ya hao waliokuwa wakisema wananisalimu kwa kunipungia jembe.

Kwa waandaaji, ombi langu ni hili. Wekeni mbio fupi: kilomita 3, kisha 10, kisha moja na nusu. Pokeeni baiskeli yoyote yenye breki mbili zinazoshika, na jioni ya kuamkia siku ya mashindano mleteni fundi azikague, yenye kasoro irekebishwe pale pale badala ya mwenye nayo kurudishwa asubuhi. Watangazieni washiriki kwamba kwenye duathloni ya porini mtu anaruhusiwa kushuka na kuikokota baiskeli, hata kuibeba begani, maana wengi wanaogopa mlima wakidhani wakishuka wametolewa. Kama kuna masharti ya vifaa, yaandikwe kwenye tangazo, siyo kusomwa mezani kwa mtu aliyelala njiani. Mkifanya hivyo, mimi nitakuja tena na baiskeli ile ile, na nitawaleta wale wawili hata kwa kuwabembeleza.

Kila Jumamosi saa 12 asubuhi tunakutana Rau Madukani, watu saba hadi kumi, tunazunguka mpungani na kumaliza kabla jua halijawa kali. Anayetaka kuanza aje na maji, kofia ngumu na breki zinazoshika. Tunamsubiri wa mwisho.

Fundi cherehani,
Majengo, Moshi